Lillian Wald, muuguzi aliyehamia jirani na wagonjwa wake

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, na kwa sasa niko Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kwa mafunzo ya nyanjani. Mhadhiri wetu alimtaja Lillian Wald kwa sentensi mbili, akasema ndiye aliyeanzisha uuguzi wa afya ya jamii Marekani, kisha akaendelea na mada nyingine. Huyu mama alikuwa nani hasa? Alifanya nini ambacho Florence Nightingale hakukifanya? Na je, Mmarekani wa zaidi ya miaka mia moja iliyopita ana lolote la kutuambia sisi tunaozunguka vichochoro vya Mathare na kadi za kliniki mkononi? Wenzangu wanasema kazi ya jamii ni ya waliokosa nafasi wodini.

Jibu: Mwanangu, nianze na hao wenzako, kwa sababu maneno yao yananiuma. Lillian Wald hakukosa nafasi wodini. Alikuwa amehitimu uuguzi katika hospitali kubwa ya New York, na siku alipokata shauri kwenda kuishi mtaani alikuwa tayari ameanza kusomea udaktari. Aliyaacha masomo hayo akaenda kupanga ghorofa ya juu kabisa ya jengo la wahamiaji maskini. Ukitaka kuwajibu wenzako, waambie hivyo tu, kisha uwaulize wao wangeacha nini.

Alizaliwa tarehe 10 Machi 1867 mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, katika familia ya Kiyahudi, akakulia Rochester. Baba yake alifanya biashara ya vifaa vya macho, na nyumbani kwao hapakuwa na shida ya pesa. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliomba nafasi katika chuo cha Vassar, wakamwambia bado ni mdogo. Baadaye alikutana na muuguzi aliyekuja kumhudumia dada yake, na hapo ndipo moyo wake ulipoangukia kazi hii. Alihitimu mwaka 1891, akafanya kazi mwaka mmoja katika taasisi ya kulea watoto, hakupendezwa na jinsi watoto walivyotunzwa huko, ndipo akajiandikisha chuo cha udaktari cha wanawake.

Wakati huo huo alikuwa akifundisha somo la kutunza wagonjwa nyumbani kwa akina mama wahamiaji wa Lower East Side, upande wa New York uliojaa Wayahudi waliotoka Urusi na Ulaya ya Mashariki, Waitaliano na Waayalandi, wamebanana katika majengo ya kupangisha ya ghorofa tano au sita, vyumba vya ndani havina dirisha. Asubuhi moja ya mvua, Machi 1893, mtoto wa kike aliingia darasani akamwomba amfuate, mama yake ni mgonjwa. Alipofika alikuta familia ya watu saba wanaoishi katika vyumba viwili, na humo humo wamepangisha wageni wengine ili kodi ipatikane. Mama alikuwa amejifungua na kuvuja damu, na alikuwa amelala kwenye godoro lenye damu ya siku mbili. Wald alimsafisha, akabadilisha matandiko, akasafisha chumba. Wewe umesomea hatari ya damu baada ya kujifungua, kwa hiyo unajua siku mbili bila msaada maana yake nini.

Alichokiandika baadaye kuhusu asubuhi ile ndicho kiini cha jibu langu lote. Alisema kwamba kwa ugeni wake aliamini mambo kama hayo yaliachwa yaendelee kwa sababu watu hawakuyajua, na kwamba kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kujua na kusema. Uyaweke pamoja maneno hayo mawili. Wengi wetu tumefunzwa vizuri sana kujua: kupima, kujaza fomu, kuandika hali ya mgonjwa. Kusema ndiko kulikopotea katika mafunzo yetu, na Wald alitumia miaka arobaini ya maisha yake kusema.

Kwanza, suala la Nightingale, nilipitie kwa haraka kwa sababu unamfahamu. Nightingale aliujenga uuguzi wa kitaaluma baada ya vita vya Krimea, akafungua shule yake London mwaka 1860, na akatumia takwimu kuibana serikali ya Uingereza. Wazo la muuguzi kwenda majumbani lenyewe halikuanzishwa na Wald. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa Liverpool, William Rathbone, alimwajiri muuguzi aende kwa maskini wa mji ule, na Nightingale akamsaidia kuipanua kazi hiyo. Hata New York kulikuwa na wauguzi wa misheni waliotembelea wagonjwa kabla Wald hajafika. Kwa hiyo mhadhiri wako akisema alianzisha kutembelea wagonjwa, msahihishe kwa adabu.

Alichobadilisha Wald ni nani anayemwita muuguzi. Kabla yake, muuguzi wa kutembelea kwa kawaida alifungamana na kanisa, shirika la hisani au daktari fulani. Mgonjwa alimpata kupitia mlango wa mtu mwingine, na mara nyingi pamoja na mahubiri. Wald na mwenzake Mary Brewster waliamua kwamba mtu yeyote anaweza kuwaita moja kwa moja, awe wa dini yoyote, bila barua ya mtu. Mwenye uwezo alilipa senti chache kwa ziara, asiye nazo hakudaiwa. Malipo hayo madogo yalikuwa na sababu. Mama aliyelipa senti kumi hakujiona ombaomba, na aliweza kulalamika asipohudumiwa vizuri. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Huduma ambayo mgonjwa hawezi kuilalamikia haiwezi kurekebishika.

Cha pili alichobadilisha ni mahali pa kulala. Walikaa kwanza katika nyumba ya kijamii ya Rivington Street, kisha wakahamia ghorofa ya juu ya jengo moja Jefferson Street, na mwaka 1895 mfadhili wao Jacob Schiff, tajiri wa benki, alinunua nyumba namba 265 Henry Street ili wauguzi waishi na kufanya kazi humo. Hiyo ndiyo Henry Street Settlement. Kuna picha maarufu ya muuguzi wa pale, mkoba mkononi, akivuka ukuta mfupi kutoka paa moja kwenda jingine. Majengo yalishikana, kwa hiyo badala ya kushuka ngazi za ghorofa zote na kupanda nyingine walikatiza juu kwa juu. Muuguzi anayetoka kazini saa kumi na moja jioni na kupanda matatu kurudi mtaa mwingine hawezi kuifahamu njia ya paa. Wala hawezi kujua kwamba mtoto anakohoa zaidi usiku wakati moshi wa jiko la jirani unapoingia, au kwamba baba anafika saa sita ndipo mama anapopata nafasi ya kuongea.

Kuishi pale kulimfundisha kwamba ugonjwa una mwenye nyumba, una mwajiri, una barabara. Alikuta watu wenye kifua kikuu wakishona nguo za kuuzwa madukani wakiwa kwenye kitanda kile kile walichougulia. Alikuta watoto wasio na pa kucheza isipokuwa barabarani, akageuza ua wa nyuma wa Henry Street kuwa uwanja wao, kisha akaungana na wengine kulishinikiza jiji, mpaka Seward Park ikafunguliwa mwaka 1903, uwanja wa kwanza wa kudumu wa watoto kujengwa na manispaa nchini Marekani. Alishiriki kuanzisha kamati ya kitaifa ya kupinga ajira ya watoto mwaka 1904, na aliunga mkono chama cha wafanyakazi wanawake kilichoundwa mwaka 1903. Sitaviorodhesha vyote. Nataka nikupeleke kwenye visa viwili, kwa sababu ndani yake unaona jinsi alivyofanya kazi.

Cha kwanza ni cha muuguzi wa shule. Tangu mwaka 1897 New York ilikuwa na madaktari wa kukagua shule. Daktari akimkuta mtoto ana chawa, upele, mashilingi au ugonjwa wa macho wa trakoma, alimrudisha nyumbani. Basi. Hakuna aliyemtibu, hakuna aliyemweleza mama, na jioni mtoto yule alicheza na wale wale waliobaki darasani. Maelfu walikuwa nje ya shule kwa namna hiyo. Mwaka 1902 Wald alijitolea kumpa jiji muuguzi mmoja, Lina Rogers, kwa mwezi mmoja, katika shule nne. Lakini alitanguliza sharti: jaribio likifaulu, maofisa wahakikishe jiji linawalipa wauguzi hao kutoka fedha za umma. Rogers alitibu watoto shuleni pale pale, akawafuata wengine nyumbani akawaonyesha akina mama namna ya kuendelea. Jiji likaajiri wauguzi. Watoto waliofukuzwa kwa sababu za kiafya walikuwa zaidi ya 10,000 Septemba 1902. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1903, walikuwa takriban 1,100.

Hapo sisi wa Nairobi tungeweza kusimama tukafikiri kwa muda mrefu. Ni miradi mingapi imeingia Mathare, Korogocho au Mukuru, ikafanya vizuri kwa miaka mitatu, wafadhili wakaondoka, na kliniki ikabaki na bango tu? Wald aliiona hatari hiyo kabla hajaanza. Jaribio lake lilikuwa dogo sana, muuguzi mmoja na mwezi mmoja, lakini tayari lilikuwa na anayepaswa kulirithi.

Kisa cha pili ni cha pamba. Mwaka 1903 Wald na Florence Kelley, mpiganiaji wa haki za wafanyakazi aliyeishi pale Henry Street, walikuwa mezani asubuhi wakisoma barua na magazeti. Kulikuwa na barua iliyouliza kwa nini watoto wengi hufa majira ya joto, na hakukuwa na taarifa ya kitaifa ya kuijibu. Kwenye gazeti kulikuwa na habari kwamba waziri wa kilimo alikuwa akienda Kusini kuchunguza mdudu anayeharibu pamba. Wald akauliza: kama serikali inaweza kuwa na idara ya kufuatilia zao la pamba, kwa nini isiwe na idara ya kufuatilia watoto wake? Ilichukua miaka tisa ya barua, mikutano, safari za Washington na kushindwa bungeni. Mwaka 1912 Rais Taft alitia saini sheria ya kuunda Ofisi ya Watoto, na Julia Lathrop akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya serikali ya shirikisho Marekani. Moja ya kazi za mwanzo za ofisi hiyo ilikuwa kwenda Johnstown, mji wa viwanda vya chuma huko Pennsylvania, kuwatembelea akina mama nyumba kwa nyumba na kuuliza nani amepoteza mtoto. Walikuta kwamba kadiri mshahara wa baba ulivyopanda ndivyo vifo vya watoto wachanga vilivyoshuka. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema watoto wa maskini wanakufa kwa ujinga wa mama zao. Baada ya hapo aliyesema hivyo alikuwa na hesabu za kujibu.

Kuna jambo jingine nisingependa ulikose. Mwaka 1906 Henry Street ilimwajiri Elizabeth Tyler, muuguzi mweusi, wakati ambapo hospitali nyingi za Marekani zilikuwa na milango miwili, wa weupe na wa weusi. Tyler alienda kwa Wamarekani weusi wa San Juan Hill, upande wa magharibi wa Manhattan, na alipoona hawamwiti alianza kuwauliza walinzi na wasafishaji wa majengo nani anaumwa. Wale ndio waliojua. Kazi yake ikazaa tawi zima. Mwaka 1909, mkutano uliozaa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ulipofanyika New York, Wald aliwakaribisha wajumbe weusi na weupe wakae meza moja nyumbani Henry Street, jambo ambalo lilikuwa gumu kulipata hotelini. Tyler anastahili kujulikana kwa jina lake mwenyewe, na ukipata nafasi ya kuandika insha, mwandike yeye.

Sasa niseme palipo na walakini, maana sipendi kumfanya mtu malaika. Wald aliitegemea mifuko ya matajiri, na ulipofika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, naye akawa mwenyekiti wa umoja uliopinga Marekani kuingia vitani, baadhi yao walifunga mifuko hiyo. Mwaka 1909 alikubaliana na kampuni ya bima ya Metropolitan Life iwalipie wateja wake ziara za wauguzi. Mpango ule ulienea miji mingi na kuwafikia watu wengi mno, lakini kampuni ilikuwa inapiga hesabu ya faida, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, magonjwa ya kuambukiza yalipopungua na yale ya muda mrefu kuongezeka, iliusitisha. Lile la umma, la shule, lilibaki. Na lile wazo lake la mwanzo kwamba watu hawajui, mimi naona halikuwa sahihi kabisa. Wenye majengo walijua. Waliouza nguo zile walijua. Kilichowasogeza ni sheria, migomo na kura, na Wald mwenyewe alifika huko kadiri miaka ilivyokwenda. Usingoje miaka yote hiyo.

Maisha yake yaliyobaki nayasema kwa ufupi. Mwaka 1912 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha wauguzi wa afya ya jamii. Homa kuu ya 1918 ilipoipiga New York aliongoza baraza la dharura lililowagawa wauguzi jiji zima. Mwaka 1933 alistaafu akiwa mgonjwa, na akafariki tarehe 1 Septemba 1940 huko Westport, Connecticut. Nyumba ya Henry Street inafanya kazi hadi leo. Tawi la wauguzi wa majumbani lilijitenga mwaka 1944 likawa shirika lake lenyewe, nalo lipo.

Twende Mathare. Stashahada unayoisomea ina neno jamii ndani ya jina lake. Muuguzi wa kawaida wa Kenya anasajiliwa kama muuguzi wa afya ya jamii, hata akimaliza maisha yake yote chumba cha upasuaji. Nchi hii iliwahi pia kumtoa Eunice Muringo Kiereini, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, 1981 hadi 1985. Kwa hiyo usimwone Wald kama mgeni anayekuja kutufundisha. Msomee kama mtangulizi wa kazi yako.

Mathare ina kitu ambacho yeye alilazimika kuhama ili akipate: wahudumu wanaoishi pale pale. Hawa tunaowaita CHP, yaani Community Health Promoters, wahamasishaji wa afya ya jamii, walizinduliwa kwa sura mpya Septemba 2023, zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na takriban kaya mia moja za kufuatilia, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 ikawatambua. Posho yao wakati huo ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Mkakati wa afya ya jamii wenyewe ulianza 2006, na kwa miaka mingi kabla ya posho hiyo walifanya kazi kwa kujitolea. Wald alisisitiza kwamba wauguzi wake walipwe, na alitafuta pesa mwaka hadi mwaka ili walipwe. Unapotembea na CHP wa Mathare, kumbuka kwamba yeye ndiye anayejua njia ya paa; wewe una elimu ya kitabibu na una jina litakalosikika ofisini. Mkigawana hivyo mtafanya kazi nzuri. Ukimfanya mbebaji wa mkoba wako, nyumba nyingi hazitakufungulia.

Umeuliza ana nini cha kutuambia. Nitakujibu kwa kazi, kwa kuwa bado una wiki zako za nyanjani. Fomu utajaza kama ulivyoelekezwa, na kesi moja ya mtoto anayehara itakuwa alama moja kwenye safu. Pembeni weka daftari lako mwenyewe. Usiandike majina ya watu. Andika maji yametoka bomba lipi, bomba limepita ndani ya mtaro au juu yake, choo kinacholipiwa kinafungwa saa ngapi, kaya ngapi zinatumia hicho kimoja, na mtoto ameumwa mara ya ngapi. Muulize CHP wako kama nyumba za jirani zina hali hiyo hiyo. Kesi tano za bomba moja ni habari tofauti kabisa na kesi tano zilizotawanyika kwenye fomu, na hiyo ni habari ambayo daktari wa kituo cha afya hawezi kuiona akiwa mezani pake, hata awe hodari kiasi gani.

Halafu useme. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na maji safi ya kutosha, na kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kabla au ifikapo tarehe 1 Septemba, na waraka wa mikakati ya fedha ifikapo tarehe 28 Februari. Maoni ya bomba na choo yakifika baada ya hapo yanaweza kuwa yamechelewa, kwa kuwa mgawanyo mkubwa wa pesa huwa umekwisha kupangwa. Nimeona vikao vya maoni ya bajeti ambamo wahandisi, wafanyabiashara na vijana wamezungumza, na hakuna muuguzi hata mmoja aliyesimama. Nyie mna ushahidi kuliko wote waliokuwa ukumbini.

Kwa hiyo zungumza na mwalimu wako na msimamizi wa kituo kwanza, wapate kuona ulichokusanya na kuhakikisha hakuna mgonjwa anayetambulika humo. Fupisha kwenye ukurasa mmoja: mahali, tatizo, kaya zilizoguswa, na jambo moja mnaloomba, kwa mfano bomba lile lihamishwe kutoka mtaroni. Mwombe CHP alisome yeye kikaoni kwa sababu ni mkazi, wewe usimame kando yake ujibu maswali ya kitabibu, na mwakilishi wadi aachiwe nakala yenye tarehe. Ukitaka kumsoma Wald mwenyewe, kitabu chake cha 1915, The House on Henry Street, kinapatikana bure mtandaoni kwa kuwa haki zake zimekwisha muda; anza na sura za mwanzo, na sehemu ya watoto na shule isome ukiwa na daftari lako la Mathare wazi kando.